Nilivyomteka Mwenyekiti Njia ya Mikumi

Mmeniuliza kibarazani, mmeniuliza sokoni, na wiki iliyopita mmeniuliza mpaka msibani, maiti hata haijatoka ndani: "Bibi wa Tatu, hebu tuambie, ilikuwaje huko?" Nimechoka kusimulia nusu nusu huku mguu uko kwenye cherehani, kila mmoja anaondoka na kipande chake anakwenda kukitia chumvi. Nimeandika yote. Atakayesoma amsomee na mwenzake, halafu mniache nishone.

Asiyenijua ajue hivi. Mimi ni fundi cherehani hapa Kilosa mjini, nashona sare za shule. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi, kazi ya reli ilimleta, akaoa hapa na kaburi lake liko hapa. Watoto wangu wote wameondoka kutafuta maisha, nawaona sikukuu, tena si kila sikukuu. Niliyebaki naye ni mjukuu wangu Tatu, niliyemlea tangu anatambaa. Tatu anataka kuwa muuguzi. Kwa hiyo iliposikika kwamba wilaya yetu itapewa chuo cha uuguzi, na kwamba kuna kamati inazunguka kuchagua kati ya Kilosa na Mikumi, wenzangu waliwaza nyumba za kupangisha na vibanda vya chipsi. Mimi niliwaza kitu kimoja tu. Chuo kikija Kilosa, Tatu atalala nyumbani.

Na Mikumi, jamani, mnajua wenyewe. Makao makuu ya wilaya ni sisi, wao wako chini yetu. Lakini barabara kuu imepita kwao, mbuga iko kwao, wageni wanalala kwao. Na Mwanne, mdogo wangu wa tumbo moja, yuko kwao. Sitaki kuficha kitu: nikisikia jina Mikumi, moyo wangu unakaa vibaya.

Kilosa hadi Ulaya

Wazee wa mji walituchagua twende Mikumi siku kamati itakapopokelewa, tusikilize watajisifu nini, ili zamu yetu ikifika tuwe na la kujibu. Tulikuwa mimi, Mwalimu Mkude mstaafu, na Shabani mwenye gari la Noah. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nina mahali pa kufikia. Mwalimu alichaguliwa kwa sababu anaheshimika. Hakuna aliyekumbuka kwamba Mwalimu Mkude tangu azaliwe hajawahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mtoto, na hilo lilikuja kutugharimu mbele ya safari.

Tulipanga kuondoka alfajiri. Jua lilitukuta bado tuko Kilosa, kwa kuwa Shabani alikuwa ameahidi kumpelekea bibi harusi mmoja godoro na kabati la vyombo, na hakutuambia. Kabati likakataa kuingia. Likageuzwa, likalazwa, likaingia, mlango wa gari ukakataa kufungwa. Mwisho tuliondoka na godoro juu ya gari na kabati limekalia kiti changu, mimi nikabanwa nyuma na mfuko wangu wa maandazi.

Barabara ilikuwa kavu, vumbi tupu. Shikeni hilo, mtalihitaji baadaye. Wakati tunakwenda barabara ilikuwa kavu.

Kabla ya Ulaya, kijiji cha njiani, si ile ya Wazungu, tulisimamishwa na ng'ombe. Walikuwa wanavuka, na ng'ombe wa wafugaji wakivuka hawana haraka na mtu. Mama mmoja wa Kimaasai akaja dirishani na galoni la maziwa, akamwamkia Mwalimu, "Shikamoo mzee," akaomba tumsogeze mbele. Nilimuuliza maziwa anauza wapi, mbona Kilosa iko nyuma yetu.

"Kilosa wanakunywa chai ya rangi," akasema. "Mikumi kuna hoteli. Wageni wanakunywa maziwa mpaka asubuhi."

Nikasogea apande. Nilifikiri: hata maziwa yetu yamekwenda kuolewa huko.

Ulaya tulikula ugali wa moto, kambale wa mchuzi na mlenda. Mama wa hoteli ana mkono mzuri, sina la kusema juu ya chakula chake. Ila nilikosea kumuuliza, kwa maoni yake, chuo kiwekwe wapi. Aliifuta meza akafikiri. "Mikumi, dada yangu. Kule hata ukianguka, basi la kwanza linakuokota." Nililipa nikaondoka sikumaliza mlenda.

Ulaya hadi Mikumi

Tulipofika kijiji cha Zombo gurudumu liliisha upepo. Wakati Shabani anahangaika, bibi harusi mwenyewe akatokea, kumbe godoro ni la pale pale, na ukoo mzima ukatoka kushusha kabati kwa vigelegele. Wakatushikisha sahani za wali wa nazi. Mwalimu Mkude akaombwa aseme maneno mawili ya baraka, akasema mengi. Nilitamani kulia. Kila dakika ya baraka zake niliona Mikumi wanafagia barabara, wanapaka chokaa mawe, wanamfundisha kila mtoto wimbo wa kukaribisha wageni.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulipoingia Mikumi jioni, mawe ya pembeni yalikuwa meupe kama meno ya mtoto. Malori yamejipanga, taa zinawaka, nyama inachomwa, mabasi ya Mbeya na Iringa yanashusha watu. Kwetu saa ile wauza mchicha wameshafunga.

Mwanne alikuwa mlangoni kwa gesti yake. Amejenga ghorofa, nyie. Vigae chini, vigae ukutani, jokofu la soda linanguruma mapokezi. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni akiwa mdogo, na kwa mila ya nyumbani kwetu mdogo akimwona mkubwa, shikamoo inatangulia hata tabasamu. Mwanne alinikumbatia kwanza. Akasema nimepungua. Akamwita msichana wa kazi alete maji ya baridi. Akauliza habari ya Tatu. Ndipo, akiwa ameshageuka anaelekea jikoni, akarusha nyuma ya bega: "Shikamoo lakini dada."

"Marahaba," nikasema, kwa mgongo wake.

Chakula kilikuwa pilau, kuku, kachumbari na matikiti yaliyokatwa kwa mapambo. Nilikula vizuri, na kila tonge lilinichoma. "Chuo kikija," Mwanne akasema huku ananiongezea nyama, "Tatu aje akae kwangu. Mimi nyumba kubwa hivi, watoto wa kiume tu, sina binti wa kuzungumza naye."

"Chuo kinakuja Kilosa," nikamjibu.

Akacheka, akaniongezea kachumbari.

Mikumi

Asubuhi watu wa Mikumi walikusanyika uwanjani chini ya turubai. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, na daktari mmoja mwanamke aliyeitwa Daktari Rehema, na maofisa wengine ambao kazi yao ilikuwa kuitikia kwa kichwa.

Nasema ukweli wangu: Mikumi walijua kujiuza. Walionyesha kiwanja kilichopimwa tayari, matangi ya maji, nguzo za umeme. Walisema mwanafunzi akitoka Mbeya au Dar es Salaam anashuka mlangoni mwa chuo. Msemaji wao, kijana mwenye tai nyekundu, akasema jambo lililonifanya nishike kichwa. Alisema kwa kuwa barabara kuu ina ajali nyingi, wanafunzi hawatakosa majeruhi wa kujifunzia. Watu wakapiga makofi! Jamani, mtu anafanya ajali zake kuwa sifa, na anapigiwa makofi.

Sisi tuna hospitali ya wilaya ya miaka mingi. Tuna mahakama, tuna ofisi zote. Tuna treni ya umeme inayoteleza kutoka Dar es Salaam hata chai haimwagiki. Ila sikupewa kipaza sauti.

Mwenyekiti akasimama kushukuru. Mzee mnene, mcheshi, akajitambulisha: anaitwa Kondo, Mzaramo wa Maneromango. Nikainua kichwa. Mzaramo! Mtani wangu! Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, na mtani, kwa atakayesoma hili naye hajui, ana haki ambazo ndugu hana. Atakutukana msibani ucheke. Atachukua kofia yako umwachie. Ukimnunia mtani, wa kuchekwa ni wewe.

Nikapaza sauti kutoka nyuma: "Mzaramo! Umepewa maneno mafupi, wewe unaanza ngoma!"

Turubai zima likageuka. Yeye akatazama, akaona uso wangu, akajua. "Nani kamfungulia Mnyamwezi? Mwambieni mizigo yangu iko kwenye gari, akabebe!" Watu wakaangua kicheko. Hapo mimi na yeye tukawa tumeshafahamiana.

Mkutano ulipoisha walikwenda kula. Mwalimu Mkude alikuwa ameacha simu yake ikichajiwa gesti. Hilo nalo lishikeni. Mimi nimesimama kivulini, Mwanne akaja na sahani ya sambusa. Akaniambia polepole, sauti ya huruma: "Dada, usiumie. Nasikia hawaji tena Kilosa. Dereva wao ameshajaza mafuta, wanarudi Morogoro saa hii."

Sijui alijua nini siku ile na hakujua nini. Nimemuuliza baadaye, anaapa alisikia hivyo tu kwa dereva. Ninachojua ni kwamba niliona macho yake, na niliona ghorofa lake nyuma yake, na niliona chumba cha Tatu kikiwa kitupu kule Kilosa.

Gari la kamati lilikuwa linawashwa. Nikavua kanga ya juu, nikaitandika barabarani mbele ya bampa, nikakaa juu yake na kunyoosha miguu.

"Hapa hapiti Mzaramo!" nikapiga kelele. "Nimeteka! Huyu mateka wangu, namtaka Kilosa leo!"

Vigelegele vikalipuka. Watu wa Mikumi wenyewe walishangilia, kwa kuwa utani ni utani, hauangalii nani atafaidi. Madereva wa malori wakashuka kutazama. Mwenyekiti akateremsha kioo.

"Mtani, chukua soda uniachie njia."

"Sitaki soda."

"Chukua kofia."

"Kofia ya Mzaramo nitaivaa wapi? Nataka kichwa chenyewe."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akainua mkono. "Sawa, lakini mtani, sikiliza, kesho sisi—"

"Mateka hasemi mpaka afike!" nikamkatiza, na umati ukaitikia, "Hasemi!"

Mara ya pili akajaribu: "Nataka kukwambia tu kwamba—"

"Hasemi!" wakapiga kelele wote, hata ofisa wake mmoja. Akafunga mdomo kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, akamwambia dereva ageuze gari. Nilimwona Mwanne amesimama na sambusa zake. Nyie, sikuwahi kuonja utamu kama ule.

Mikumi hadi Zombo

Nilipanda gari la kamati, nikakaa kiti cha nyuma kati ya Mzaramo na Daktari Rehema, kiyoyozi kinapuliza. Shabani na Mwalimu walifuata na Noah. Njia nzima mwenyekiti alikuwa anaonyesha kwa mikono anataka kusema jambo, na mimi namnyamazisha kwa kidole, daktari anacheka. Nikasema mimi. Niliisifu Kilosa mpaka koo likakauka. Nilisifu hospitali, nilisifu hali ya hewa, nilisifu hata vitu ambavyo huwa tunavilalamikia.

Kabla ya Zombo mvua ikaja. Haikuja ya kutisha, manyunyu tu. Lakini milimani ilikuwa imenyesha ya kweli, na barabara ile, kwa vile inajengwa, ina vipande vya kupitia pembeni, udongo mtupu. Shabani akatupita, akafungua dirisha akapunga mkono. Mbele kidogo tukamkuta ameingia mtaroni.

Pale kwa bibi harusi tulipewa wali tena. Mwenyekiti alikula sahani mbili kimya kimya. Wenye nyumba wakanong'ona kwamba mzee wa watu ni bubu, wakamsogezea kipande kikubwa cha samaki kwa kumhurumia.

Zombo hadi Kilosa

Tulinasa mbele ya Zombo, kwenye bonde, mahali ambapo jana yake palikuwa vumbi. Gari la kamati likazama mpaka milangoni. Noah ya Shabani, tuliyokuwa tumeisukuma kutoka mtaroni, ikazama nyuma yake. Wafugaji waliokuwa karibu walikuja kusukuma, na yule mama wa maziwa alikuwamo, akanitambua. "Umerudi kwenye chai ya rangi," akaniambia, akampa Daktari Rehema kikombe cha maziwa.

Mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye matope, suruali ameikunja, viatu ameshika mkononi. Akainua kidole.

"Mateka anaomba ruhusa ya kusema."

"Sema, Mzaramo."

"Kesho asubuhi tulikuwa tunakuja kwenu. Kwa treni. Tunalala Morogoro, tunapanda treni ya umeme, tunashuka Kilosa tumenyooka kama tulivyopigwa pasi. Ofisi yenu ya wilaya ndiyo iliyopanga, jana."

Nilimgeukia Mwalimu Mkude. Alikuwa ameshika simu yake, imejaa chaji, anasoma. "Ni kweli," akasema. "Wamepiga mara nyingi. Wanasema ngoma itakuwa stesheni." Akajaribu kuwapigia, mtandao ukakataa, na haukushika tena mpaka tunaingia mjini.

Nilikaa chini pale pale, bila kanga safari hii. Sifa yetu kubwa kuliko zote ilikuwa treni ile, na mimi kwa mikono yangu nilikuwa nimewatoa watu kwenye treni nikawatia kwenye tope. Kondo akanitazama, na badala ya kukasirika akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye gari. Nikacheka na mimi, kwa kuwa ni mtani. Lakini nilicheka huku natazama magurudumu yaliyozama.

Ndipo Daktari Rehema akauliza, kwa upole tu: "Mwalimu, wanafunzi wakipangiwa mazoezi kwenye zahanati za vijijini upande huu, njia yao ni hii?"

Nilimtazama Mwalimu. Nilimkodolea macho. Nilikohoa.

"Ndiyo, ni hii hii," akasema Mwalimu Mkude.

"Na masika?"

"Masika huwa haipitiki kabisa."

Hakuna aliyemuuliza hilo la "kabisa". Alilitoa mwenyewe, bure.

Tulilala Ulaya, kesho yake tukapata trekta. Kilosa tuliingia mchana, gari la kamati linavutwa kwa mnyororo, mwenyekiti ana tope mpaka kwenye nyusi. Na barabara ilikuwa tupu, kwa sababu mji mzima ulikuwa stesheni, upande mwingine, watoto na bendera, ngoma, sufuria za pilau, wote wamegeukia reli wanasubiri. Baadhi yenu mlikuwapo. Mlitugeukia wakati ngoma bado inapigwa, na sitasahau nyuso zenu.

Kamati ilikula pilau ikaoga ikatembezwa. Ikasifu hospitali. Ikapanda treni jioni, na nilimwona Daktari Rehema anavyojinyoosha kwenye kiti akafumba macho kwa raha kabla hata treni haijaondoka.

Kilosa hadi Mikumi, tena

Simu ya Kondo ilinikuta nakata kitambaa. "Mtani," akasema, "ulinichukua, na mimi nimechukua chako. Chuo nimekipeleka Mikumi. Nimekuachia treni. Cheka basi."

Nikacheka. Mtani akikwambia ucheke, unacheka. Nilicheka kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Kisha nikakata simu, nikaona nimekata na kitambaa vibaya, mkono mmoja mfupi kuliko mwingine.

Mnasema ni kosa langu. Semeni. Lakini mimi najua Mikumi wangechukua tu, wao huchukua, hata ningebaki nyumbani nikalala. Hivyo ndivyo ninavyojiambia, na siku nyingine ninaamini.

Chuo kimefunguliwa kwa kuanzia kwenye majengo ya kupanga, na Tatu amechaguliwa. Juzi ndiyo nilimpeleka, na nimerudi jana. Shabani alitupitisha njia ile ile. Barabara ilikuwa kavu, vumbi tupu, pale bondeni tulipita hata gari halikuyumba. Tatu alikuwa anaimba. Ulaya alikula kambale, akasema hajawahi kula kitamu kama hicho.

Mwanne alikuwa mlangoni. Alipotuona akashuka ngazi zote, akaja mpaka kwenye gari, akainama, goti karibu liguse chini, na kabla hajasema neno lingine lolote akasema, "Shikamoo dada yangu."

Maisha yangu yote nimeidai shikamoo ile. Nikaitika marahaba.

Alimtengea Tatu chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kitanda kipya, shuka bado lina mikunjo ya dukani. Sare yake niliitundika mwenyewe ukutani. Nimeishona mimi, hiyo hawakuninyang'anya. Asubuhi nikatoka nje kuaga. Shabani ameshawasha gari, mimi natafuta kanga yangu kwenye kiti, nikasikia Tatu anaita kutoka dirishani juu, sauti ile ile anayoniamshia kila asubuhi:

"Bibi!"

Nikageuka haraka. Mwanne alikuwa ameshaitika.